Kabla Hujamwita Binti Yako Mercedes

Wiki iliyopita binti wa mama yangu mdogo, ambaye ana ujauzito wa miezi saba, alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu akiniomba jina. Hakuwa anatania. Alitaka mtoto wake, akizaliwa wa kike, aitwe Mercedes kama mimi, kwa sababu anatarajia kujifungua karibu na tarehe 24 Septemba, na hiyo ndiyo siku niliyozaliwa. Nilimwambia anipe siku mbili nifikirie. Kuombwa uwe somo wa mtoto ni heshima kubwa, lakini mimi nimelibeba jina hili miaka arobaini na mbili, na ninajua lilikonipa raha na lilikonitoa machozi, kwa hiyo sikuona vema kumjibu kwa furaha tupu. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyomweleza, pamoja na machache niliyoyakumbuka baadaye.

Nilizaliwa katika zahanati ya misheni mkoani Mwanza, mikononi mwa mtawa mkunga aliyetoka Hispania. Mama alikuwa na uchungu tangu jana yake asubuhi, na kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa ameshakata tamaa ya kutoka pale akiwa hai. Nilipolia, mtawa alimwambia kwamba siku hiyo nyumbani kwao ni sikukuu ya Bikira Maria wa Rehema, na kwamba wasichana wanaozaliwa siku hiyo huitwa Mercedes. Mama akauliza maana yake, akaambiwa ni rehema, akasema basi mtoto aandikwe Rehema, tuna jina hilo tayari. Mtawa akamjibu kwa Kiswahili chake cha kuokotaokota: "Hapana, mama. Rehema moja ni Merced. Hizi za leo ni nyingi." Mama alikuwa hana nguvu za kubishana na mtu aliyekesha naye, ndiyo maana nikaandikwa Mercedes.

Mtawa alikuwa sahihi, na hilo ni jambo ambalo Kiswahili hakiwezi kulionyesha, kwa kuwa kwetu rehema ni rehema, iwe moja au mia. Katika Kihispania, Mercedes ni wingi. Shina lake ni neno la Kilatini merces, ambalo hapo kale lilimaanisha ujira, yaani malipo ya mtu aliyefanya kazi, na ambalo kadiri karne zilivyopita lilibadilika hadi likawa na maana ya fadhila, kitu unachopewa bila ya kukifanyia kazi. Mabadiliko hayo hunifurahisha kila ninapoyafikiria. Neno hilohilo ndilo lililozaa namna ya heshima ambayo Wahispania humsemesha mtu mzima au mgeni: zamani walisema vuestra merced, yaani "fadhila yako", kwa maana ileile ambayo sisi tunamwita mtu "mheshimiwa", na kwa kulitamka harakaharaka miaka mingi likafupika likawa usted, neno ambalo leo mwenye duka humwambia mteja bila ya kukumbuka limetoka wapi.

Kwa ukamilifu jina ni María de las Mercedes, Maria wa Rehema. Wahispania wana majina mengi ya kike ya namna hiyo, ambayo Maria amedondoka mbele na sifa ikabaki peke yake, na baadhi yake humshangaza mgeni: Dolores ni maumivu, Pilar ni nguzo, Nieves ni theluji, Remedios ni tiba. Nasi tusiwacheke, kwa maana Wakatoliki wa kwetu wamejaa akina Consolata na Imakulata, ambao nao ni Maria waliodondosha Maria.

Lakini rehema inayosemwa katika jina hili ina historia mahususi, na ningependa kila mzazi aijue kabla ya kulitoa. Mwaka 1218, katika mji wa Barcelona, mtu mmoja aitwaye Pedro Nolasco alianzisha shirika la watawa ambalo kazi yake ilikuwa kuwakomboa mateka. Wakati huo Wakristo na Waislamu walikuwa wakitekana katika vita na katika uharamia wa baharini, na mtu aliyekamatwa aliweza kuuzwa akaishia utumwani upande wa pili wa Bahari ya Kati, huku ndugu zake wakiwa hawana fedha za kumkomboa. Watawa hao walizunguka wakichangisha fedha za fidia, na pamoja na nadhiri tatu za kawaida za utawa waliweka ya nne: kwamba fedha zikipungua, mtawa mwenyewe abaki rehani mahali pa mateka ili mateka aende nyumbani. Rehema waliyoisema haikuwa moyo laini wala maneno matamu, bali mtu kulipiwa akawa huru. Sisi wa pwani na bara ya Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo, kwa kuwa tuna Bagamoyo, ambako mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni mwaka 1868 na kuwapa makazi watu waliotolewa utumwani, baadhi yao wakiwa watoto walionunuliwa katika soko la Zanzibar ili waachwe huru. Nilipokuwa sekondari tulipelekwa huko kwa ziara ya masomo, na sikujua kwamba jina langu lilikuwa na uhusiano wowote na yale niliyokuwa nikiyatazama. Laiti mtu angeniambia.

Jina lilivuka bahari pamoja na Wahispania. Katika Jamhuri ya Dominika tarehe 24 Septemba ni siku ya mapumziko kwa ajili ya Bikira huyo, na nchini Cuba, wale waliotoka Afrika Magharibi wakiwa watumwa walimtambua katika sanamu yake yenye mavazi meupe Obatalá wao, mungu wa Wayoruba ambaye rangi yake ni nyeupe, wakaendelea kumwomba kwa majina yote mawili. Mwimbaji Mercedes Sosa wa Argentina, aliyefariki mwaka 2009, alilifanya lijulikane hata kwa watu wasiojua neno moja la Kihispania. Palikuwa pia na malkia, Mercedes mke wa mfalme Alfonso wa 12 wa Hispania, aliyeolewa Januari 1878 na kufa Juni mwaka huohuo, siku mbili baada ya kutimiza miaka kumi na minane, na kwa muda mrefu watoto wa Hispania waliimba juu ya msiba huo katika michezo yao.

Sasa tuje kwenye gari, kwa maana najua msomaji amekuwa akilingojea tangu kichwa cha habari.

Darasa la tano tulipata mwalimu mpya wa hisabati. Siku ya kwanza alishika daftari la mahudhurio, akaita majina taratibu, alipofika kwangu akanyamaza, akavua miwani, akasema: "Mercedes. Umeiegesha wapi?" Darasa zima liliangua kicheko, na tangu siku hiyo hadi namaliza la saba niliitwa Benzi. Wavulana walipiga honi nikipita. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nataka kubatizwa upya, naye, bila ya kuacha kuchambua mchele, akaniambia kwamba aliyenipa jina hilo alikesha usiku kucha kwa ajili yangu, na huyo mwalimu alikesha lini?

Lilikuwa jibu zuri, ila halikunisaidia uwanjani. Lililonisaidia nilikuja kulisoma nikiwa mtu mzima, na ningelijua nikiwa na miaka kumi na moja ningewanyamazisha wote. Gari ndilo lililopewa jina la msichana. Emil Jellinek, mfanyabiashara wa Austria aliyekuwa akiishi Nice, kusini mwa Ufaransa, na kuuza magari ya kampuni ya Daimler kwa matajiri, alikuwa na binti aliyezaliwa Vienna mwaka 1889 ambaye alimwita Mercédès, na alilipenda jina hilo kiasi cha kulitumia yeye mwenyewe alipoingia katika mashindano ya magari. Mwaka 1900 aliagiza magari 36 kwa mkupuo, akataka injini yake mpya iitwe kwa jina la binti yake. Magari hayo yaliposhinda mashindano ya Nice mwaka uliofuata, jina likashika, na mwaka 1902 likasajiliwa kuwa alama ya biashara. Baba naye akabadili jina lake la ukoo akawa Jellinek-Mercedes. Labda ni mara ya kwanza, alisema mwenyewe kwa majivuno, baba kuchukua jina la binti. Benz ni mtu mwingine kabisa, Karl Benz, ambaye kampuni yake ilikuja kuungana na Daimler mwaka 1926, miaka miwili na kitu kabla binti yule hajafariki.

Kwa hiyo Waswahili, tulipolipokea gari hilo, tulimwacha msichana tukamchukua mzee. Gari kwetu ni Benzi, na vigogo walioendeshwa ndani yake baada ya uhuru tukawaita Wabenzi, kana kwamba ni kabila. Hakuna aliyewahi kusema Wamercedes. Kwa sheria ya lugha, basi, mimi sina deni lolote na gari hilo, na nimewahi kumweleza hivyo trafiki mmoja aliyetaka kucheka na leseni yangu.

Kuhusu umaarufu wa jina, nilipata somo langu mahali nisipopatarajia. Nilipelekwa Madrid kwa mafunzo ya kazi ya wiki sita, nikaugua meno, nikaenda kliniki moja ya mtaani. Muuguzi alitoka akaita "Mercedes", tukasimama wawili: mimi na bibi mwenye mkongojo ambaye bila shaka alikuwa amepita miaka themanini. Alinitazama kutoka juu hadi chini, akacheka mpaka akalazimika kukaa tena. Mwenzangu wa mafunzo alinitafsiria: bibi alikuwa anauliza nani aliyempa kijana kama mimi jina la kizee. Wajukuu wake wote, alisema, ni akina Lucía na Martina. Ndivyo ilivyo huko. Mercedes lilivuma sana katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na leo ni jina la mabibi, wakati Lucía limekuwa miongoni mwa majina yanayoongoza kwa watoto wachanga kwa miaka mingi sasa. Mabibi wa Catalonia, jimbo la Hispania lenye lugha yake, wana kisa cha ziada, kwa kuwa kwao jina ni Mercè, lakini wakati wa utawala wa dikteta Franco majina ya Kikatalani yalikatazwa katika vitabu vya usajili, na msichana aliyeitwa Mercè na mama yake aliandikwa Mercedes na karani. Nyumbani wengi wao hufupishwa wakawa Merche, na katika nchi za Amerika ya Kilatini wakawa Meche.

Siku hiyo ndipo niliposikia pia jina langu likitamkwa na wenyewe, na nikagundua kwamba Mswahili ana bahati. Kwa matamshi ya Madrid, ile c ni th ya thelathini, na ile d ya katikati hulegea ikakaribia dh ya dhahabu: Mer-the-dhes. Sauti zote hizo tunazo, na mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama katika neno lolote letu. Tatizo ni kwamba sisi hatupendi neno liishie kwa konsonanti, tunaongeza i, likawa Mersedesi, na mkazo unahama kutoka "se" kwenda "de". Bibi yangu mzaa baba alikuwa akiniita hivyo hadi alipofariki, na sikuwahi kumsahihisha.

Maandishi ni shida kubwa kuliko matamshi, na hapa nazungumza kwa uchungu. Cheti changu cha ubatizo kina Mercedes, cha kuzaliwa kina Mersedes, na cha kidato cha nne kina z mwishoni. Nilipoomba hati ya kusafiria, ofisi moja ilinieleza kwa upole kwamba mbele yao walikuwa na watu watatu tofauti, na kwamba ningepaswa kwenda kwa wakili nile kiapo kwamba wote ni mimi. Nililipa, nikagongewa muhuri, nikarudi, nikaambiwa kiapo chenyewe kimekosewa herufi. Safari iliahirishwa mwezi mzima. Mzazi atakayechagua jina la kigeni, lolote lile, na aliandike kwa herufi kubwa kwenye karatasi, aipeleke mwenyewe kwa karani, asimwachie kulisikiliza kwa sikio, kisha asome alichoandikiwa kabla ya kutoka mlangoni.

Nilipompigia simu binti wa mama mdogo baada ya siku mbili, nilimuuliza kwanza swali moja: mtoto akiuliza kwa nini anaitwa hivyo, utamwambia nini? Kama jibu lilikuwa kwamba linasikika la kitajiri, ningemwomba aniachie jina langu, kwa maana mtoto wa darasa la tano hawezi kujitetea kwa jibu hilo. Akasema atamwambia habari za mama yangu na yule mtawa. Hapo nikakubali, ila nikamshauri aweke na Rehema mbele yake, Rehema Mercedes, ili binti awe na jina la kuitwa sokoni na jina la kusimulia, na amsimulie mapema, kabla ya mwalimu wa hisabati hajamfikia.

Shemeji, ambaye alikuwa amewekewa spika bila ya mimi kujua, akadakia kuuliza: na akiwa wa kiume, aitwe Benzi? Nikamwambia kwamba katika shirika lilelile la wakombozi wa mateka alikuwamo mtakatifu Ramón, aliyepewa jina la utani la Nonato, "asiyezaliwa", kwa sababu inasimuliwa kwamba alitolewa tumboni mama yake akiwa ameshakufa, na kwamba hadi leo wajawazito na wakunga humwomba yeye. Ramoni, basi. Shemeji akanyamaza kidogo, akasema hilo lina i yake tayari, ila watasubiri kwanza ultrasaundi ya Jumanne.