Sensa ya oksijeni mpya, taa ya injini imerudi tena

SWALI: Fundi, pikipiki yangu ya injekta inakula sana mafuta, plagi inatoka nyeusi tii na taa ya injini inawaka. Mashine ya kupimia imesoma kosa la sensa ya oksijeni, eti hewa nyingi mafuta kidogo. Nimeweka sensa mpya, taa imerudi. Sasa fundi wangu anataka akate waya wa sensa aweke rezista (kile kipande cha kukinza umeme) kuidanganya kompyuta. Nikubali?

JIBU: Usikubali, koleo irudi kwenye boksi. Hii nakutana nayo kila leo, mashine ikitaja sensa basi imekufa, nunua nyingine. Nani kasema? Huko ni kumfukuza mlinzi kwa sababu kapiga filimbi.

We angalia mwenyewe, mashine inasema mafuta kidogo, plagi inasema mafuta mengi, hazipatani. Sensa haioni petroli, inaona oksijeni iliyobaki kwenye moshi, basi. Gasketi ya ekzosi pale kwenye silinda hedi ikivuja, hewa ya nje inavutwa ndani hasa injini ikinguruma taratibu bila kuvuta moto, sensa inaona oksijeni kibao, kompyuta ya pikipiki inadhani mafuta hayatoshi inaongeza, inaongeza tena, mpaka plagi inakuwa mkaa. Injini ikiwa inamisi, yaani inaruka bila kuwaka, ni hivohivo, hewa inapita bila kuungua. Kwa hiyo asubuhi injini ikiwa ya baridi sikiliza kama kuna mlio wa tiktik, angalia masizi kwenye maungio, anza na gasketi na plagi.

Halafu sensa yenyewe inapimika jamani! Injini ikishapata moto vizuri, ile sensa ya kawaida inacheza kati ya voti 0.1 na 0.9, juu mafuta mengi, chini hewa nyingi. Ikiganda chini, puliza kidogo sana dawa ya kusafishia kabureta kwenye njia ya hewa inayoingia injini (mbali na ekzosi, inashika moto), voti zikiruka juu sensa nzima. Zisipotikisika kagua waya na hita yake, ndo ufikirie kununua.

Sasa hiyo rezista ubaya wake ni kwamba itaonekana imeponya. Kompyuta ikiacha kuisikiliza sensa haiongezi mafuta tena, fundi anapata sifa, na gasketi bado inavuja. Siku pampu ikichoka kweli au injekta ikiziba, mafuta yanapungua, injini inachemka na hakuna wa kurekebisha wala taa ya kukwambia. Na wale wanaopaka silikoni ya kawaida kwenye maungio ya ekzosi ili kuziba haraka ndo wananimaliza kabisa, mvuke wake unaua sensa, hata ile uliyonunua juzi.