Shangazi, mke wa shujaa haruhusiwi kurudi shule?

*Shangazi, shikamoo. Marehemu mume wangu aliongoza wakulima kwenye mgogoro wa ardhi huku kwetu. Kila mwaka wanamfanyia kumbukumbu. Mimi navalishwa fulana yenye picha yake, nakalishwa mbele, napewa kipaza sauti. Ni mwalimu wa shule ya msingi, nina cheti tu na watoto wanne. Nataka kusoma hadi shahada. Shemeji anasema mke wa shujaa hakimbilii vyuo, kazi yangu ni kulinda jina la kaka yake. Tena ana karatasi za kikao cha ukoo kuhusu shamba, anataka nizitie saini. Mama mkwe naye analia. Nikienda nitakuwa nimemsaliti marehemu? – Mjane, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Hujamsaliti mtu. Hebu nikueleze habari za mwanamke aliyefiwa na mume mwenye jina kubwa kuliko wa kwako na wa kwangu: Betty Shabazz, mke wa Malcolm X, mwanaharakati wa haki za Weusi kule Marekani. Yule yule Malcolm aliyepita Zanzibar na Dar es Salaam mwaka 1964, akaonana na Mwalimu Nyerere. Yeye akizunguka Afrika, Betty yuko New York na watoto.

Februari 1965 nyumba yao ilirushiwa mabomu ya moto usiku, familia ikiwa ndani. Wiki moja baadaye Malcolm akapigwa risasi mbele ya hadhara, ukumbi wa Audubon, Betty akiwemo humo na mabinti zake. Alikuwa na miaka 30 na mimba ya pacha, ambao walizaliwa Septemba. Jumla mabinti sita. Na usidhani aliachiwa mali. Hata ile nyumba haikuwa yao, walikuwa wanatakiwa kuhama. Ruby Dee, yule mwigizaji, na wanawake wenzake ndio waliopitisha mchango mpaka mjane akapata nyumba Mount Vernon. Alipokea. Hapo nakuomba uniangalie vizuri: wanaokuita jukwaani waulize pia nani atalipa ada ya mtoto wako wa kwanza. Ukiuliza kwa adabu si kuombaomba.

Sasa suala la jina. Chama alichokianzisha Malcolm, Betty hakukirithi. Dada wa marehemu, Ella Collins, ndiye aliyeshika usukani. Betty alikwenda kuhiji mwaka ule ule, akarudi, akashika malezi. Alianza kujitolea kwenye kituo walikokuwa wanashinda wanawe wadogo, akaingia kwenye kamati za wazazi. Mambo madogo madogo ya jirani, hayana kamera.

Mwaka 1969 ndipo akarudi darasani, chuo cha Jersey City. Alikuwa na mafunzo ya uuguzi ya tangu kabla ya ndoa, ila marehemu hakuwa anapenda mkewe afanye kazi nje ya nyumba. (Mashujaa nao walikuwa waume za watu, tusisahau.) Akamaliza shahada ya kwanza, akaongeza ya pili. Halafu 1972 akajiandikisha shahada ya uzamivu ya elimu Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, ambako ni safari ya saa kadhaa. Jumatatu asubuhi anawasha gari, Jumatano usiku anarudi kwa wanawe. Miaka mitatu hivyo. Mwaka 1975 akawa Dakta, na mwaka uliofuata akaanza kufundisha Chuo cha Medgar Evers, Brooklyn. Chuo hicho kimepewa jina la mwanaharakati mwingine aliyeuawa, na Myrlie, mjane wa huyo Medgar, alikuja kuwa rafiki yake wa karibu. Pale Betty alikaa mpaka mwisho wa maisha yake, 1997. Kumbukumbu za Malcolm alihudhuria na kuhutubia, lakini mshahara wake ulitoka kwenye kazi yake mwenyewe.

Sikwambii watoto hawakuonja uchungu. Mama akiwa njiani siku tatu kila wiki, nyumbani panapungua kitu. Ndiyo maana wewe usianze na chuo cha mbali. Uliza kituo cha Chuo Kikuu Huria mkoani kwenu. Unasoma ukiwa kazini. Cheti chako kisipotosha kuingia shahada moja kwa moja, pitia stashahada kwanza. Na ombi la ruhusa ya masomo lianzie kwa mwalimu mkuu ndipo liende kwa mkurugenzi wa halmashauri, kwa maandishi, ubaki na nakala.

Mama mkwe usibishane naye. Amezika mtoto; huenda anachoogopa ni kwamba ukienda chuo utaolewa, na wajukuu wataondoka. Kaa naye jikoni, mwambie wajukuu hawaendi popote, kisha muombe akusaidie kuwaangalia wakati wa mitihani. Atakuwa na kazi, na wewe utakuwa na mtu.

Shemeji ni habari nyingine. Mwambie mwaka huu utahudhuria kumbukumbu, ila hotuba asome yeye, maana jina ni la kaka yake pia. Umeniandikia kwamba ana karatasi za kikao cha ukoo anazotaka uzitie saini kuhusu shamba. Usitie. Hizo ndizo zinazopelekwa mahakama ya mwanzo kumteua msimamizi wa mirathi. Zisome kwanza na mtu wa msaada wa kisheria, kisha niandikie zinasemaje.