Barua kwa mwanangu: kwanini nilinyamaza pale mezani

Mwanangu Baraka,

Marahaba baba. Ujumbe wako nimeusoma jana usiku nikausoma tena leo nilivyotoka kanisani, unauliza "mama, siku ile ya tarehe 26 kule London mbona ulinyamaza katikati ya chakula, ulikasirika kwamba Krismasi hatukuja nyumbani au chakula hukukipenda?" Kwenye simu mtandao unakatakata na wajukuu wanaingilia, kwahiyo ngoja nikuandikie.

Sikukasirika hata kidogo. Disemba huku Moshi unaijua, mabasi ya Dar yanashusha watu usiku na mchana, watu wanapanda mlimani, kila boma linanukia nyama, na mimi nilikuwa nchi ambayo siku ya Krismasi hata treni na mabasi ya mjini hayatembei na jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Nilikumbuka nyumbani ndio, ila wajukuu wangu walikuwa wamenilalia huku na huku, sasa ningekasirika nini.

Asubuhi ile mkatupeleka kwenye ule mgahawa wenu mnaoupenda wa vyakula vya Peru na Japani, mkasema ni branchi, chai na chakula cha mchana kwa pamoja. Ikaja sahani ya samaki mbichi. Mkwe wangu akanisogezea taratibu akasema mama onja kidogo tu, Mungu ambariki yule binti ana heshima sana. Nikamwangalia yule samaki, kingo zimekuwa nyeupe kama ameiva lakini katikati bado anang'aa kama kioo, kumbe ni ndimu tu iliyomfanya vile, moto haujamgusa. Juu vitunguu vyekundu vimekatwa vyembamba mpaka unaona sahani kwa chini, na pembeni kipande cha kiazi kitamu! Nikaanza na kiazi maana ndio ninachokijua, halafu nikakichovya kwenye ule mchuzi wa ndimu na pilipili, halafu ndio samaki. Nilipenda Baraka. Nilipenda kweli, sio kukufurahisha.

Kilichoninyamazisha ni yale maelezo ya yule kijana aliyetuhudumia. Alisema mwaka 1899 ilitoka meli Japani inaitwa Sakura Maru imebeba watu 790 kwenda Peru kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa, na kwamba zamani kule Peru samaki alilazwa kwenye ndimu masaa mengi, ni hawa Wajapani waliozoea samaki mbichi waliofanya watu waache kumlaza muda mrefu. Nyie mkaendelea kuongea, mimi nikabaki hapo kwenye miwa.

Kwasababu babu yako naye ni miwa iliyomleta hapa. Alitoka Singida kijana kabisa, akapanda lori mpaka Arusha Chini kukata miwa kwenye mashamba ya sukari ya TPC, mkataba ukaisha hakurudi, akamuoa bibi yako wa Kibosho. Mtu wa uwele na mlenda akaingia kwenye nyumba ya ndizi! Mara ya kwanza bibi kumpikia machalari, zile ndizi za nyama, alikula akashukuru, halafu akauliza ugali uko wapi. Bibi hakusema kitu. Ndugu za babu walipotuma unga wa mlenda uliokaushwa, bibi akachemsha ndizi mshare mpaka zikalainika, akaziponda kwa mwiko zikawa nzito kama ugali, akatwanga karanga kwenye kile kinu chake kidogo akazitia kwenye mlenda, akamwagia juu. Namuona mpaka leo anafuta ukingo wa bakuli kwa kidole gumba kabla ya kumpa mzee. Sisi watoto tulikua tunajua hicho ndio chakula cha Krismasi, na nilipoolewa nikashangaa kwa watu wengine hakipo.

Sasa pale mezani ndio nikaona wewe hujawahi kukila. Bibi alifariki hujaanza shule na mimi nikawa mtu wa pilau na chapati kama majirani, sikukipika tena, nikakuacha ukaenda London bila kukijua. Ndio maana nilinyamaza mwanangu. Niliumia mimi na nafsi yangu, nyie hamkunikosea chochote.

Kijana yule alisema pia viazi mviringo asili yake ni milima ya kule kwao Peru, na mimi najua ndizi zetu nazo asili yake ni Asia, zilisafiri mpaka zikapanda mlimani kwetu tukaziita zetu. Yani wajukuu wakikuuliza wao ni watu wa wapi anzia hapo kwenye sahani, usianzie kwenye pasipoti.

Jumapili iliyopita nilienda sokoni Mbuyuni nikapata mlenda mkavu kwa mama mmoja wa Dodoma, nikapika. Dada yako kamaliza bakuli. Karanga nilizidisha, ya bibi ilikuwa nyepesi zaidi, nitarudia mpaka ipatikane. Mkija Juni kinu kipo, nimekiosha nikakianika, mwambie mkwe ndio cha kwake sasa, atabeba kwenye begi la mkononi kisije kikapasuka. Na yeye anifundishe ile ndimu anapima vipi.

Mama yako,
Pasua, Moshi