Shamba la Micheri: tucheke au tulie?

Ndugu, nimekuelewa: kundi lenu hapa Goma linaandaa Shamba la Micheri, mchezo wa kuigiza wa Mrusi Anton Chekhov, waigizaji wanalia tangu mwanzo, na watazamaji wanachoka. Chekhov mwenyewe aliuita komedi. Mwongozaji Stanislavski akauchezesha kwa huzuni Moscow mwaka 1904, na mwandishi hakufurahi.

Anzeni mazoezi na tendo la tatu. Varya, binti wa kulea wa Ranevskaya mwenye shamba, anainua fimbo ampige karani Epikhodov, mara mfanyabiashara Lopakhin anaingia na fimbo inamwangukia yeye. Waacheni watu wacheke kabisa. Muda mfupi tu baadaye Lopakhin anatangaza kwamba shamba lililopigwa mnada amelinunua yeye, na Ranevskaya nusura aanguke. Huyo mama asilie mapema! Kicheko kikikatika ghafla, huzuni inakuja yenyewe. Na katika tendo la kwanza, Gaev, kaka wa Ranevskaya, aliambie kabati hotuba yake kwa moyo wote.

Nakusihi jambo moja. Wengi humu mjini walipoteza nyumba kwa volkano ya 2002 na 2021, wengine kwa vita. Usimlazimishe mwigizaji akumbuke msiba wake ili alie. Akianza kutetemeka au kukosa usingizi, simamisheni, mpelekeni kwa mwanasaikolojia.

Na kama mnatumia tafsiri ya Kifaransa, huenda ina mwenye haki: ombeni ruhusa kabla ya kuuza tiketi.