Kukata stringi kuwa safu ndani ya safu katika Java

Tuseme una stringi iitwayo `data`, yenye `"nyekundu,12,30;bluu,7,;kijani,9,41"`. Kata kwanza kwa alama ya nje, nukta mkato, kisha kila kipande ukikate kwa mkato:

```java
String[] mistari = data.split(";");
String[][] jedwali = new String[mistari.length][];
for (int i = 0; i < mistari.length; i++) {
    jedwali[i] = mistari[i].split(",", -1);
}
```

Mabano ya pili nimeyaacha matupu kwa makusudi. Katika Java, jedwali ni safu ambayo kila kipengele chake ni safu nyingine, na kila moja ina urefu wake. Acha `split` iamue urefu huo.

Ninachokusihi zaidi ni hiyo `-1`. Usipoiweka, `split` hutupa vipande vitupu vya mwishoni. Mstari wa bluu utabaki na vipengele 2 badala ya 3, na ukigusa `jedwali[1][2]` programu itaanguka kwa `ArrayIndexOutOfBoundsException`. Hatari yake ni kwamba kipande kitupu cha katikati hakitupwi, kwa hiyo unaweza kujaribu msimbo kwa data nzuri ukaridhika, hadi siku data halisi ije na pengo mwishoni. Kwenye alama ya nje mimi siiweki, kwa sababu data nyingi huishia na nukta mkato, nami sitaki mstari mtupu wa ziada.

Jambo jingine: `split` huichukulia alama yako kuwa ruwaza (regex), yaani kanuni ya kutafuta maandishi ambamo baadhi ya alama zina maana maalumu. Ukiandika `split("|")`, stringi itakatwa herufi moja moja. Ukiandika `split(".")`, utapata safu isiyo na kitu, maana nukta hulingana na herufi yoyote. Andika `"\\|"`, au bora zaidi `Pattern.quote("|")`, ambayo hata anayesoma msimbo wako baadaye ataielewa upesi.

Kukagua matokeo, tumia `Arrays.deepToString(jedwali)`. `Arrays.toString` itakuonyesha tu mambo kama `[Ljava.lang.String;@` na tarakimu zisizokusaidia.

Tangu Java 8 unaweza pia kuandika yote kwa mstari mmoja:

```java
Arrays.stream(data.split(";")).map(m -> m.split(",", -1)).toArray(String[][]::new);
```

Kwa anayeanza, napendelea kitanzi, kwa kuwa ni rahisi kusimama katikati na kutazama kila mstari. Na kama data yako ina mkato ndani ya alama za kunukuu, achana na `split` kabisa; tafuta maktaba ya kusoma CSV (data iliyotenganishwa kwa mikato).