Hoja za maandishi: mfikishe jaji kwenye ukurasa

Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kupitia hoja za maandishi za mawakili wachanga kabla hazijasajiliwa mahakamani. Wengi wao sheria wanaijua vizuri. Kinachowaangusha ni mpangilio, kwa sababu jaji anayesoma ana majalada mengine mezani, na hoja nzuri isiyoonekana ilipo ni kama haipo.

Anza na kanuni za kule unakopeleka kazi yako, maana hazifanani. Mahakama za rufaa za shirikisho nchini Marekani zinataka fonti za kawaida ziwe na ukubwa wa pointi 14 au zaidi, na waraka mkuu unaozidi kurasa 30 usivuke maneno 13,000. Mahakama ya Juu ya nchi hiyohiyo, kwa nyaraka nyingi, inataka kijitabu kilichopigwa chapa kwa fonti za jamii ya Century, pointi 12. Basi usichukue waraka wa kesi iliyopita ukabadilisha majina tu.

Kwenye rejea ndiko ninakokaa muda mrefu zaidi. Tazama hii: *Donoghue v Stevenson* [1932] AC 562, 580. AC ni Appeal Cases, mfululizo wa vitabu vya ripoti za hukumu. Mabano ni ya mraba kwa sababu mwaka ndio unaokupeleka kwenye juzuu, ukiukosa, hulipati. Sasa tazama *Rylands v Fletcher* (1868) LR 3 HL 330, ambapo LR ni Law Reports na HL ni House of Lords. Hapa juzuu lina namba yake, 3, na mwaka unatoa taarifa tu, ndiyo maana mabano ni ya duara. Tukirudi kwenye *Donoghue*, namba 562 ni ukurasa inapoanzia ripoti, na 580 ni ukurasa wenye maneno ya jaji Lord Atkin kuhusu wajibu wa mtu kwa jirani yake. Hiyo namba ya mwisho ndiyo inayosahaulika mno, na ndiyo anayoihitaji jaji. Ukimpa ukurasa wa kwanza peke yake, umemwachia hukumu nzima aisome akutafutie hoja yako.

Mtindo wenyewe chagua mmoja. Wanaofuata OSCOLA, mwongozo wa Chuo Kikuu cha Oxford, huandika v bila nukta. Wanaofuata Bluebook ya Marekani huweka nukta. Vyote viwili ni sahihi kwa wenyewe. Kuvichanganya ndani ya waraka mmoja kunamfanya msomaji ajiulize ni nini kingine hukukihakiki.

Ukweli wa kesi nao unataka rejea kama sheria inavyotaka. Usiishie kwenye "Mjibu rufani alijua kuhusu mauzo." Andika: "Mjibu rufani alipokea notisi ya mauzo kabla ya kulipa (Kielelezo P3, ukurasa wa 41 wa kumbukumbu za rufaa)." Sentensi ya kwanza ni madai yako, ya pili jaji anaweza kuifungua na kuisoma mwenyewe.

Aya zote zipe namba zinazoendelea kutoka mwanzo hadi mwisho, ili kwenye usikilizwaji useme "aya ya 17" na kila mtu afike hapo. Kichwa cha hoja kiwe sentensi kamili inayosema unachotaka mahakama ikubali: "Notisi haikutolewa ndani ya muda" kinamsaidia msomaji kuliko "Kuhusu notisi". Na mhusika ukimwita mrufani, abaki mrufani. Akigeuka mdaiwa kwenye ukurasa wa tano na kampuni kwenye wa sita, jaji atadhani ni watu watatu.

Herufi kubwa tupu, wino mzito na mistari chini ya maneno, vyote kwa pamoja, siviruhusu. Ukikoleza kila kitu, hakuna kilichokolea. Nukuu ndefu iingize ndani ya pambizo, ikate ibaki sehemu inayobeba hoja, na ukikoleza maneno yasiyokolezwa na jaji aliyeandika hukumu, sema kwamba msisitizo ni wako.

Orodha ya kesi na sheria itengenezwe mwisho kabisa, maandishi yakishatulia, kwa sababu kila aya unayofuta husogeza namba za kurasa. Kisha chukua waraka uliokwisha kugeuzwa kuwa PDF, si ule unaouhariri, ufungue kila rejea moja baada ya nyingine ukilinganisha na ripoti yenyewe.