Barua kwa mwanangu: uliniuliza kwa nini sitaki kuhamia Dar

Mwanangu, asalam aleikum. Ile voisi yako ya Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Umeuliza, mama niambie ukweli miguu inakuuma kiasi gani, na kwa nini unang'ang'ania kukaa Lushoto peke yako wakati chumba chako kipo huku Dar. Siku ile nikakujibu tu niko salama alhamdulilahi. Sasa nakujibu vizuri, naandika kidogo kidogo toka jana.

Ni magoti, yanauma kila siku baba, la kulia kuliko la kushoto. Asubuhi linakuwa limekaza kama mlango uliovimba kwa mvua, nakaa kitandani nalikunja nalikunjua mpaka likubali ndo nasimama. Mwezi wa sita na wa saba ukungu ukishuka huku ndo linazidi.

Kitu nilichokuficha ni vidonge. Mwaka juzi nilikuwa nanunua diklofenaki, vile vidonge vya maumivu, duka la dawa hapa senta, hawaulizi cheti wala nini, nikawa nameza asubuhi na jioni karibu miezi minne, hela ya sukari unayotuma nusu inaishia huko. Na maumivu yalikuwa yanatulia kweli sikudanganyi. Alafu tumbo likaanza kuwaka, nikawa napata choo cheusi kama lami na kizunguzungu, mimi nadhani njaa. Jirani ndo alinipakia bodaboda akanipeleka hospitali, nikaambiwa tumbo linavuja damu kwa sababu ya zile dawa, presha nayo juu, na kwa umri wangu zinaweza kuharibu hata figo. Wewe nikakwambia malaria. Nisamehe, nilijua ungeacha kazi ukaja.

Daktari wa pale alinipiga picha ya goti akanionyesha, lile gegedu la katikati ya mifupa limesagika, halirudi tena. Akaniambia dawa ya kwanza ni kulifanyia goti mazoezi, nikaona huyu ananitania, mtu anaumwa umwambie mazoezi! Lakini ndo yaliyonisaidia. Nakaa kwenye kiti, nanyoosha mguu mbele, nahesabu mpaka tano, nashusha, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Wiki za mwanzo sikuona kitu, baada ya kama mwezi na nusu hivi nikaweza kushuka mpaka kisimani bila kupumzika njiani. Likizidi napaka ile dawa ya tyubu au nameza panadol mbili, na nimeambiwa kwa siku nzima zisizidi nane. Fimbo nayo kumbe nilikuwa naishika vibaya, goti bovu likiwa la kulia fimbo inakaa mkono wa kushoto. Na kwenye hii milima yetu unapanda na mguu mzima, ukishuka unatanguliza mgonjwa.

Sasa nikwambie la choo, maana hili hakuna anayeliuliza. Choo chetu ni cha shimo, kuchuchumaa kulinishinda kabisa, nikawa sinywi maji mchana ili nisiende. Ile dawa mpya ya presha ikawa inanitia kizunguzungu kwa ajili ya hiyo kiu. Nikamwita fundi akachukua kiti cha plastiki kizee akakikata tundu katikati, akanipigia na mti ukutani wa kushikilia. Elfu nane tu. Nililia siku ile, kwa raha.

Upweke sasa. Ulivyouliza nimeona unafikiri ni kwa sababu baba yako hayupo na nyie mko mbali. Ni kweli, ila ulianzia kwenye goti. Unakumbuka Alhamisi nilikuwa naenda darasa la akina mama pale msikitini, tunakaa kwenye mkeka. Nikashindwa kukaa chini, na kuinuka mpaka watu wawili wanivute, nikaona aibu nikaacha. Nikiacha darasa ndo nikaacha na kupita kwa fulani na fulani njiani, misiba nikawa natuma mchango tu, baada ya miezi watu wanasema bibi kahamia Dar kwa mwanae. Nimo ndani mlango umefungwa! Na mwanangu, goti la mtu anayeshinda peke yake linauma mara mbili, usiku kuna kulisikiliza lenyewe tu. Aliyenitoa ni ustadhi, alikuja mwenyewe akasema mbona mgonjwa anaruhusiwa kusali kwenye kiti, nani kakuzuia. Alhamisi iliyofuata nikakuta viti vitatu vya plastiki nyuma ya mkeka. Kumbe tulikuwa watatu, kila mmoja kajifungia kwake na magoti yake.

Ndo maana siji Dar kukaa. Zile wiki tano nilizokaa kwako mkwe wangu alinitunza vizuri sana Mungu ambariki, lakini mnatoka alfajiri mnarudi saa mbili usiku, geti limefungwa, mimi na tivii. Huku nikichelewa kufungua dirisha jirani anaita. Sikulaumu, kazi ni kazi.

Ukitaka kunisaidia, ile kadi ya bima uliyoniandikisha isikatike, presha naicheki kila mwezi kwa hiyo. Na usinipigie mchana, mchana nina watu. Piga saa moja jioni giza likiingia, hata dakika tano, nisikie na wajukuu wanavyogombana.

Alafu ule mpira wa chini ya fimbo umeisha, wa huku unateleza kwenye tope. Ukija Idi niletee miwili, mmoja nimpe yule mwenzangu wa kiti cha pembeni.